Fundi Asiyegusa Chuma

Siku ile sikuwa na njaa, sikuwa na homa, wala sijawahi kuvuta bangi tangu nizaliwe. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki hapakosi mtu wa kuniuliza moja kati ya hayo matatu. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, na sikuwa peke yangu. Shahidi wangu anaitwa Zuhura, yu hai, ana akili zake timamu, na ukimuuliza atakueleza vilevile nitakavyokueleza mimi, isipokuwa sehemu moja ambayo hataki kuitamka kwa mdomo wake. Hiyo nitaitamka mimi.

Wengi wanadhani mambo haya yana saa zake: usiku wa manane, makaburini, bundi analia. Nenda kawaulize watu wa delta, kule mto unapoingia baharini. Watakuambia saa ya kuiogopa ni saa saba mchana, watu wamejilaza, njia nyeupe, hata mbwa hapiti.

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, miguu tu ndiyo haikutulia. Nimepima ufuta Ikwiriri, nimepaka rangi vyumba vya gesti, nimelinda mpunga wa watu kule Umwe usiliwe na nguruwe, nimevua kamba na vijana wa Mbwera msimu mzima. Kokote nilikokuwa, kitu chochote kilichofungwa kwa skrubu nilitaka nijue ndani kuna nini. Redio nimefungua, pampu nimefungua, saa ya ukutani ya mwenye gesti niliifungua na ndiyo iliyonitoa pale gesti. Wakati wa kisa hiki nilikuwa naendesha bodaboda Kibiti.

Zuhura alishuka kwenye basi la kutoka Dar mnamo saa tano na nusu. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, kanga mbili juu ya dera, kibegi kidogo mkononi. Tulimzunguka kama kawaida yetu, kila mmoja anamvutia kwake. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nani anaijua njia ya Mbwera na hapendi maneno mengi?"

Wenzangu wakacheka. Mmoja akanisukuma mbele. "Njia anaijua huyu. Ila maneno, dada yangu, huyu anaongea hata na matairi."

"Basi ataongea na matairi," akasema Zuhura, akapanda.

Tulipoiacha lami ndipo aliponiambia. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa amefariki alfajiri. Kaka yake alipiga simu kwamba wazee wa kijiji wamekwisha kuamua: kwa joto lile maiti haiwezi kulala, itatoka nyumbani alasiri kwenda msikitini, na kutoka hapo makaburini. Unajua mila yetu ilivyo. Mwanamke hafuati jeneza. Likishatoka uani, wanawake wanabaki na vilio vyao, na uso ulio mle ndani hawauoni tena. Kwa hiyo Zuhura hakuwa na safari ya kuwahi mazishi. Alikuwa na safari ya kuwahi mlango. Akikuta jeneza limevuka, amekosa.

"Sijamwona mwaka wa pili huu," akaniambia mgongoni. "Kila mwezi namwambia mama, mwezi ujao."

Nikaongeza moto.

Kiangazi kile njia ilikuwa inapitika. Ukishamaliza mikorosho unateremka bondeni, michanga na tope kwa zamu, halafu unaanza kuona mikindu, na ukiona mikindu ujue maji ya chumvi hayako mbali. Tulikwenda saa moja na nusu bila kusimama. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu kwamba tutafika na nafasi ya kutosha.

Palikuwa na bonde dogo lenye tope la kijivu. Zuhura akashuka avuke kwa miguu, mimi nikaivusha pikipiki. Katikati ya tope ikakohoa, ikazima. Nikaisukuma mpaka upande wa pili penye mchanga, nikabonyeza stata.

Tik.

Hivyo tu. Tik, na ile taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi ikafa. Nikiachia kidole taa inarudi polepole, hafifu. Nikibonyeza, tik, inakufa. Nikapiga kiki mara ishirini, sikupata hata mguno. Kuisukuma iwake kwa gia haikuwezekana, mchanga ulikuwa unameza tairi. Nikafungua plagi, nikailaza juu ya injini nione kama inatoa cheche. Haikutoa. Fyuzi nzima. Simu zote mbili hazina mtandao. Tulikaa pale zaidi ya robo saa na hapakupita mtu, si wa baiskeli wala wa miguu.

"Imekufa nini?" akauliza Zuhura.

"Betri, dada."

"Mpya?"

"Ina miezi miwili."

"Kwa hiyo?"

Kwa hiyo nini tena? Kwa pikipiki ilikuwa imebaki saa moja na robo. Kwa miguu, ungefika maghrib. Zuhura alilijua hilo kuliko mimi, ni njia ya kwao. Akajitanda kanga vizuri, akaenda kusimama hatua chache mbele kama mtu anayejaribu kuamua aanze kutembea au asianze. Mimi nikabonyeza stata tena, si kwa matumaini, bali kwa kukosa cha kufanya.

"Si betri," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Kwenye kivuli cha mikindu alisimama mwanamume mwembamba, si mzee na si kijana, amevaa msuli na shati jeupe. Peku. Shati lilikuwa safi sana. Hilo nililiona, na ningelifikiria kama ningekuwa na nafasi ya kufikiri, maana kwa njia ile mimi nilikuwa nimegeuka rangi ya tope mpaka kope. Nikampa salamu. Nikasema asalaam aleykum, mzee. Hakuitikia. Alisema, "Bonyeza tena nisikie."

Sasa, mtu asiyeitikia salamu ya namna hiyo, kwa watu wa kwetu, ungepaswa kumwangalia mara mbili. Mimi je? Mimi nilibonyeza stata. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia anajua kitu ambacho mimi sikijui, adabu yangu yote inahamia kwenye masikio.

Tik.

"Usiachie."

Nikashikilia kidole. Yule bwana akainamisha kichwa upande, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nijione mjinga nimeshika swichi ya kitu kilichokufa.

"Achia. Nguvu inatoka vizuri," akasema. "Inakosa njia ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Ilikotoka. Wewe wadhani yatoka tu ikaishia mbele huko? Yatoka kwa waya, yafanya kazi, yarudi nyumbani kwa kupitia chuma chenyewe. Ikizuiwa kurudi, haitoki. Kidogo tu itatoka, ya kuwasha taa ndogo. Ukiidai kazi kubwa, inakaa chini."

Niamini, mpaka siku hiyo nilikuwa nimefungua vitu vingapi sijui, nimekaa kwenye magereji ya Kibiti na Ikwiriri nikiwapa watu spana mchana kutwa, na hakuna aliyewahi kuniambia umeme unarudi. Mafundi wetu wengi wanabadilisha tu. Haiwaki, badilisha betri. Haiwaki tena, badilisha koili. Wakibahatisha unawapigia makofi. Huyu hakuwa amegusa kitu.

Nikamwambia, labda kwa kiburi kidogo, "Mzee, maneno hayo nitayajuaje kama ni kweli?"

Akatabasamu. Nadhani lile swali lilimfurahisha kuliko salamu yangu.

"Toa taa moja ya indiketa pamoja na waya zake mbili. Gusisha waya hizi kwenye vichwa viwili vya betri. Waona nini?"

Nikafanya. Taa ikawaka hata kwenye jua lile ikaonekana, manjano, kali.

"Betri imekufa?"

"Haijafa."

"Sasa waya mmoja uache palepale, kwenye kichwa cha chanya. Wa pili utoe kwenye betri, uguse nao mwili wa injini. Palipo na chuma cheupe, si penye rangi."

Nikagusa. Taa ikawa kama kaa la moto linalozimika. Nikarudisha kwenye betri, kali. Nikagusa injini, kaa. Nikarudia mara nne kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

"Betri ni ileile," akasema. "Taa ileile. Waya uleule. Kilichobadilika nini?"

"Chuma."

"Basi kati ya chuma na betri kuna mahali njia imefungwa. Fuata ule waya mweusi unaotoka kichwa cha hasi. Unapofungwa kwenye chuma, hapo."

Nani mwingine angeweza kunifundisha vile? Nilikuwa nimesahau joto, na, Mungu anisamehe, kwa dakika chache nilikuwa nimemsahau hata Bi Somoe. Nikafungua kiti na kifuniko cha pembeni, nikaufuata waya mweusi kwa vidole mpaka chini ya fremu, nyuma ya injini. Palikuwa na bolti, na juu yake ungaunga wa kijani na weupe, umevimba kama ukoko.

"Pikipiki hii waioshea wapi?" akauliza.

Nikaona aibu. Ukweli ni kwamba sote tunaopeleka abiria delta tunafanya hivyo. Tope la mikoko likikauka kwenye pikipiki haling'oki, na maji ya kisima kila mtu anayaonea huruma, ya kunywa hayo. Kwa hiyo tunangoja maji ya bahari yajae mtoni, tunaishusha pikipiki ukingoni, tunaimwagia ndoo kwa ndoo mpaka ing'ae. Tunarudi Kibiti tunasifiwa usafi.

"Mtoni," nikasema. "Maji yakijaa."

"Tope mmelitoa, chumvi mmeiacha. Tope halili waya."

Nikatandaza vifaa vyangu kwenye gunia pale chini. Yeye alitaka kuja upande wa pili aone bolti, na nikaona amelizunguka lile gunia kwa mbali sana, kama mtu anayeukwepa msafara wa siafu. Nikadhani hataki kuchafua miguu.

"Mzee, haya umejifunzia gereji gani?"

"Hapa."

"Hapa hakuna gereji."

"Zinapita," akasema. "Zote zapita hapa. Tangu ya kwanza nimezisikiliza, moja moja. Yenye plagi mbovu naijua ikiwa bado ng'ambo ya bonde. Yako niliisikia wiki mbili zilizopita, nikasema hii itazima karibuni."

Ungefanya nini ukisikia maneno hayo? Mimi niliona wivu. Nilimwona mtu aliyekaa mahali pamoja, akasikiliza kitu kimoja mpaka kikamfungukia, wakati mimi nimezunguka wilaya mbili na kujua vipandevipande.

Nikaweka spana kwenye bolti. Ikazunguka, lakini nati ya upande wa pili ikazunguka nayo. Kutu. Hapo panahitajika mikono minne, huku mmoja anashika, kule mwingine anafungua. Gereji huwa unanyoosha tu spana bila kutazama, aliye karibu anaipokea. Nami nikanyoosha spana ya pili kumpa.

Aliruka nyuma. Sitii chumvi hapa, aliruka kama umemtupia nyoka.

"Mwite dada yako," akasema.

Nikamwita Zuhura. Akaja akiwa amejifunika kanga mpaka puani, macho chini, hakumtazama yule bwana hata mara moja wala hakumsalimu. Nikamwonyesha pa kushika. Akajaribu. Nguvu zilimwishia, hakuwa ametia kitu tumboni tangu apigiwe simu, na pale mahali ni pembamba, spana inatakiwa ishikwe kwa ncha za vidole na kwa nguvu. Ikamponyoka mara ya kwanza. Ya pili ikamchana vidole viwili na kingo za nati zikaanza kulika. Kingo za nati zikishalika, mambo yamekwisha. Tulikuwa na jaribio moja, pengine mawili.

Damu ilikuwa inamchirizika, anaifuta kwa kanga. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Nikamgeukia yule bwana.

"Mzee, wewe ni mwanamume, umesimama hapo unatazama. Dada huyu mama yake anatolewa alasiri. Akikosa hapa hamwoni tena. Shika spana."

"Usimlazimishe," Zuhura akaninong'oneza. "Kaka, nakuomba, usimlazimishe."

Sikumwelewa. Yule bwana akaniacha mimi. Alimtazama Zuhura, kwa mara ya kwanza.

"Mama yako nani?"

Zuhura akasema, akiwa bado anatazama chini, "Somoe."

"Somoe wa ukindu?"

"Ndiye."

Upepo haukuwapo, nakuapia, lakini ile mikindu nyuma yake ilitikisika kidogo, halafu ikatulia.

"Hawapigi hodi watu wa siku hizi," akasema yule bwana, kama anaongea peke yake. "Yeye alikuwa akipiga. Kila alipokuja kukata, hodi. Na akiondoka, aaga."

Akaja. Akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. Nikamwekea spana.

Sehemu ambayo Zuhura haisemi ni hii. Yule bwana alipoishika spana, hakupiga kelele. Alifunga tu meno, na kwenye shingo yake mishipa ikasimama, na harufu ikatoka, harufu ya kwato zinapochomwa. Sauti ilikuwepo pia, ndogo, kama ya kitu kibichi kilichowekwa juu ya kikaango. Akasema, kwa utaratibu uleule wa mwalimu, "Fungua. Usikurupuke. Robo kwanza."

Nikafungua robo. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi peke yake. Kichwa kilikuwa kimeshaelewa na kilikuwa kinakataa kuelewa. Nati ikalia, ikaachia.

"Kwangua," akasema. Alikuwa bado ameishika spana, hakuiweka chini. Nikakwangua kwa kisu na kipande cha msasa mpaka shaba na chuma vikang'aa. "Na chini ya bolti pia. Penye rangi toa rangi. Haya, funga. Kaza. Kaza tena."

Nikakaza. Ndipo alipoiacha spana ikaanguka mchangani, akasimama, akautia mkono kwapani.

"Washa nisikie."

Nikarudisha plagi, nikabonyeza. Haikuvuta hata pumzi mbili, ikawaka. Ikatulia palepale, sauti nene, safi, ambayo pikipiki ile haikuwa nayo tangu niichukue. Yule bwana alikuwa ameshafika kwenye kivuli chake. Alifumba macho, akainamisha kichwa, akasikiliza, na usoni mwake palikuwa na raha ambayo nimeiona mara chache kwa watu, na hao wakiwa wanasikiliza Kurani inayosomwa vizuri.

"Nzuri," akasema. "Msizime mpaka mfike."

Niliinama kuokota spana yangu. Nilidhani itaniunguza. Ilikuwa baridi kama imetoka kwenye barafu. Nilipoinua kichwa palikuwa na mikindu tu. Usiniulize alikwenda wapi, pale ni mchanga na nyayo zilizokuwapo zilikuwa zangu na za Zuhura.

Zuhura alikuwa ameshapanda. "Twende," akasema. "Usitazame nyuma, twende."

Tulipokwisha kuliacha bonde akanisogelea sikioni akanieleza kwamba tangu akiwa mdogo mama yake alimkataza kukata ukindu wa kusukia mikeka bondeni pale bila kupiga hodi, akamwagiza kisu akiache njiani, majani ayavunje kwa mkono kwa heshima ya wenyewe wa pale, wasiogusa chuma. Wenzake walikuwa wakimcheka mama. Zuhura mwenyewe aliacha kupiga hodi alipovunja ungo.

"Ulimjua tangu alipotokea?" nikamuuliza.

"Shati lake halikuwa na kifungo cha bati, hana saa, hana zipu, anaikwepa spana. Wewe uliona nini?"

"Niliona fundi."

Nadhani alicheka, au alilia. Kwa upepo ule sikuweza kujua.

Adhana ya alasiri tuliisikia tukiwa tunaingia kijijini. Uani kwao palikuwa pamejaa watu, na wanaume walikuwa wamekwisha kulibeba jeneza mabegani, wamefika kwenye ukingo wa ua, wa mbele ameshatia mguu njiani. Sikuzima injini, nilikwenda nayo mpaka miguuni pao. Zuhura akashuka kabla sijasimama. Hakupiga ukelele. Alisimama mbele ya jeneza na vidole vyenye damu, akamwambia kaka yake, "Nimefika."

Kaka yake akawatazama wazee. Mmoja wao akasema, "Mwana amefika. Litueni."

Wakalitua. Wakasogea wasiohusika, nami nikageuza uso. Kwa hiyo alichokiona Zuhura sikijui na hakinihusu. Nilichosikia ni sauti yake moja tu, ya chini, ikisema, "Mama, hodi." Kisha akarudi nyuma, akasema, "Mchukueni."

Nikatawadha, nikaingia msikitini na wenzangu, tukamswalia, na nililibeba jeneza lile kwa zamu yangu mpaka kaburini. Wakati tunafukia nilikuwa nanusa mikono yangu. Ile harufu ilikuwa bado ipo.

Sasa nikuambie yaliyobaki. Tangu siku ile sikio langu la kulia si lile la zamani. Mtu akiniletea pikipiki isiyowaka, nikiinamisha kichwa na yeye akibonyeza stata, nasikia mahali panapozuia. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha watu kutoka Ikwiriri kunifuata. Chini ya nguzo yenye transfoma siwezi kulala, mvumo wake unaniingia sikioni. Na miguu imetulia. Mimi niliyekuwa simalizi miaka miwili mahali nimekaa Kibiti mwaka wa sita, kwenye banda langu, taa ya indiketa na waya zake mbili zimening'inia ukutani. Kila anayekuja kujifunza namwonyesha hiyo kwanza, kabla ya spana. Hunitazama kana kwamba nimezua mimi. Namwambia hapana, kuna mtu alinifundisha.

Nimerudi bondeni pale mara nyingi, saa saba mchana, kwa makusudi. Hupiga hodi. Huacha vifaa vyote mbali, hata ufunguo wa nyumba. Huiacha injini ikiunguruma kwa muda, akitaka asikie. Hajatokea tena. Shehe mmoja aliniambia niache kumtafuta, kwamba kila kiumbe na makazi yake. Anasema kweli. Lakini mwalimu wako ukimwunguza, utamwachaje?

Basi wewe unayepeleka abiria huko, pikipiki yako ioshe kwa maji ya kisima, hata kama ni ndoo moja tu na tope lingine libaki. Ukifika kwenye mikindu, sema hodi, haikupunguzii kitu. Na kama imekuzimia pale, akatokea mtu msafi asiyeitikia salamu, usikimbie. Msikilize, fanya kila analokuambia, hutapata fundi kama yule Pwani nzima. Lakini kazi ya mikono ifanye mwenyewe, hata nati ikigoma, hata ukichelewa, hata ukiwa na hasira. Usimnyooshee spana. Mimi nilimnyooshea, naye akaipokea, na mpaka leo sijui kama ule mkono ulipona.